Mita moja na nusu ya nani? Namna watelezaji mawimbi wanavyopashana habari za bahari

Jua halijatoka. Mtu amesimama ufukweni, ubao ameubana kwapani, anayatazama maji kwa dakika ishirini bila kusema neno. Kisha anatoa simu na kuwaandikia wenzake: "Saa 12 na dakika 10 asubuhi. Boya: mita 1.5, sekunde 14, kusini-magharibi. Upepo wa bara, mwepesi. Maji yanakupwa, yamefika nusu. Hapa ni kifuani, na misururu michache inafika kichwani."

Asiyeujua mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi ataona namba tu. Aliyeuzoea, hata akiwa kilomita hamsini kutoka hapo, ameshajua achukue ubao gani, aingie majini saa ngapi, na kama safari yenyewe ina maana. Habari yote ya bahari imekunjwa humo, lakini kila kipande kina mtego wake. Wengi wanaolalamika kwamba utabiri umewadanganya hawakudanganywa na mtu. Walisoma namba ya kwanza ya boya wakaziruka zilizofuata. Ndiyo maana nataka kuukunjua ujumbe huu polepole, nikianza na hiyo namba ya kwanza, maana ndiyo inayopotosha kuliko zote.

Mita

Mita 1.5 za boya, yaani chombo kinachoelea baharini na kupima mawimbi, si kimo cha wimbi fulani ambalo mtu ameliona kwa macho. Chukua mawimbi yote yaliyopita chini ya boya kwa muda wa kupima, yapange kutoka dogo hadi kubwa, kisha tenga theluthi ya yale makubwa. Wastani wa theluthi hiyo ndio unaotangazwa. Siku hizi mitambo huipata namba hiyo kwa hesabu ya nishati ya maji, ila maana yake imebaki ile ile. Kipimo hiki kilizaliwa vitani. Wanasayansi wa bahari Harald Sverdrup na Walter Munk walikibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi yalipohitaji kujua kama mashua za kushushia askari zingeweza kufika ufukweni, na mbinu zao zilitumika kutabiri hali ya bahari kwa ajili ya kutua Normandy mnamo Juni 1944. Theluthi ya juu iliwafaa kwa sababu inakaribiana na kile ambacho baharia mzoefu hukikadiria kwa jicho.

Kwa hiyo boya likisema mita 1.5, mawimbi mengi yatakuwa madogo kuliko hapo, na machache yatapita hapo kwa mbali. Katika mawimbi elfu moja hivi, tegemea moja litakalokaribia mara mbili ya namba hiyo. Mawimbi elfu moja ya sekunde 14 hupita kwa muda usiofika saa nne. Anayekaa majini asubuhi nzima ajue kwamba lile la mita tatu linaweza kumkuta.

Hapo bado tuko bahari kuu. Wimbi likifika pwani hubadilika umbo, na watu nao hulipima kila mmoja kwa njia yake. Hawaii wamezoea kulikadiria kutoka mgongoni, upande wa bahari, na kipimo chao hutoka karibu nusu ya uso ambao mtelezaji anaushuka. Mashindano ya kumkumbuka mtelezaji wa huko, Eddie Aikau, katika ghuba ya Waimea hayafanyiki mpaka mawimbi yafike futi 20 kwa kipimo hicho, yaani uso wa futi 40 hivi, zaidi ya mita 12. Mtu wa Hawaii na mgeni wanaweza kulitazama wimbi lile lile, mmoja aseme futi tano na mwingine kumi, na wote wawili wakawa wakweli.

Hata wataalamu wenye picha na kompyuta hutoka jasho. Wimbi aliloteleza Sebastian Steudtner huko Nazaré, Ureno, tarehe 29 Oktoba 2020, lilitambuliwa rasmi kuwa la mita 26.21 mnamo Mei 2022. Mwaka mmoja na nusu ulipita kabla ya wimbi moja kupata namba yake.

Ndiyo sababu mwandishi wa ujumbe wetu ameweka vipimo viwili: cha boya, na cha mwili wa binadamu. Magotini, kiunoni, kifuani, kichwani, kichwa na nusu, vichwa viwili. Binafsi nakiamini kipimo cha mwili kuliko mita za kukisia, kwa kuwa kila msomaji ana mwili na anajua kifua chake kiko wapi. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayesimama wima juu ya ubao. Mtu akiwa ameinama, wimbi la kifuani huonekana limempita kichwa. Mwenye kujali wenzake humnyoosha yule mtu akilini kwanza, ndipo anapoandika.

Sekunde

Ningeambiwa nibaki na namba moja tu katika ujumbe ule, ningeiacha mita nikashika sekunde. Namba hii huitwa kipindi: muda unaopita kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata. Ndani yake mna asili ya wimbi, umbali lilikotoka, na mambo litakayofanya likigusa chini.

Wimbi huzaliwa na upepo, na ukubwa wake hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uliovuma, na upana wa bahari ambao upepo huo umevuma juu yake bila kukatizwa. Upepo wa jana jioni katika ghuba ndogo hutoa mawimbi mafupi yenye fujo, ya sekunde tano au saba. Dhoruba kubwa iliyovuma siku mbili juu ya maelfu ya kilomita za maji hutoa mawimbi ya sekunde 14, 16, hata 20. Hayo huiacha dhoruba nyuma na kusafiri yenyewe. Mtelezaji anayatafuta haya ya mbali, yaliyokwisha kujipanga njiani, na yale ya upepo wa hapo hapo huyavumilia tu.

Sasa tulinganishe. Mawimbi mawili yana kimo sawa cha mita 1.5 baharini, moja la sekunde 8 na jingine la sekunde 14. Katika maji ya kina kirefu, urefu kutoka kilele hadi kilele hupatikana kwa kuzidisha kipindi kwa chenyewe, kisha kwa 1.56. La sekunde 8 lina urefu wa mita 100. La sekunde 14 lina zaidi ya mita 300. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari kina kikifika nusu ya urefu wake, hivyo la kwanza halijui kama kuna chini mpaka kina cha mita 50, ilhali la pili limeanza kupapasa sakafu tangu mita 150. Likipapasa hupungua mwendo, na maji ya nyuma yanayoendelea kulisukuma hulipandisha juu. Wimbi la sekunde 14 lina nguvu inayokaribia mara mbili ya lile la sekunde 8, na huinuka zaidi kabla ya kuvunjika. Mtu aliyeona "mita 1.5" siku zote mbili akaleta ubao ule ule hakutumia habari aliyopewa.

Kipindi pia hupanga foleni ya kuwasili. Mawimbi marefu hukimbia kuliko mafupi. Kujua kundi la mawimbi linakwenda kilomita ngapi kwa saa, zidisha kipindi kwa 2.8. La sekunde 20 linakwenda kilomita 56 kwa saa, la sekunde 12 kilomita 34. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 5,000, yale ya sekunde 20 yatafika kabla ya siku nne kutimia, na yale ya sekunde 12 yatachelewa mpaka baada ya siku ya sita. Mwaka 1963 Munk na wenzake waliweka vituo kuanzia New Zealand hadi Alaska, wakayafuatilia mawimbi ya dhoruba za bahari ya kusini yakivuka Pasifiki nzima kwa mpangilio huo huo.

Hapo ndipo msomaji mzoefu anapotofautiana na mgeni. Boya likitoa "nusu mita, sekunde 20", mgeni hupuuza, maana nusu mita ni nini? Mzoefu huanza kuandaa ubao. Hao ni watangulizi. Wenye kimo wako nyuma yao. Na mwenye busara huongeza tahadhari, kwa sababu siku ya watangulizi bahari huonekana imelala kwa dakika nyingi, halafu msururu mmoja wa mawimbi makubwa ukaja na kumkuta mtu mwambani amekaa na mwanawe.

Misururu hiyo nayo haina muujiza. Treni mbili za mawimbi, tuseme moja ya sekunde 14 na nyingine ya sekunde 15, zikisafiri pamoja, vilele vyake hukutana na kujumlishana, kisha huachana na kufutana. Kwa namba hizo, kukutana hutokea kila baada ya sekunde 210, yaani dakika tatu na nusu. Katika bahari halisi treni ni nyingi zaidi na mpangilio hauwi safi hivyo, ndiyo maana yule wa alfajiri alisimama dakika ishirini kabla ya kuandika. Ripoti ya aliyetazama dakika mbili ni ripoti ya utulivu au ya msururu, kutegemea alichobahatika kukiona.

Kama hakuna boya karibu, saa ya mkononi inatosha. Chagua mwamba au kitu kinachoelea kilichotulia sehemu moja, nje ya mahali mawimbi yanapovunjika. Kilele cha kwanza kikipita, anza kupima. Cha kumi na moja kikipita, simamisha, kisha gawa kwa kumi, kwa sababu kati ya vilele kumi na kimoja mna nafasi kumi. Wengi huhesabu kumi na kugawa kwa kumi, na kosa hilo hupunguza karibu sekunde moja na nusu katika kipindi cha 14.

Yanatoka wapi, na yanapita wapi

"Kusini-magharibi" maana yake yanatoka kusini-magharibi. Mawimbi na upepo hutajwa kwa yanakotoka, lakini mikondo ya bahari hutajwa kwa inakokwenda. Anayechanganya desturi hizi mbili huwatuma wenzake upande wa pili wa rasi.

Mwelekeo ndio unaoamua nani apate na nani akose. Ghuba inayotazama magharibi inaweza kulala kama bwawa huku ghuba jirani inavuma, kwa sababu rasi imesimama njiani. Mawimbi yenyewe hayaendi mstari mnyoofu yakishagusa chini: upande ulio kwenye maji mafupi hupunguza mwendo, ulio kwenye kina huendelea kukimbia, na wimbi lote hupinda. Yale ya kipindi kirefu hupinda zaidi kwa kuwa yamegusa chini mapema. Nazaré ni mfano mkubwa. Korongo lililo chini ya bahari linakuja karibu kabisa na ufukwe. Mawimbi yanayopita juu ya korongo huenda kwa kasi, ya kando huchelewa, na mawimbi ya pande hizo mbili hukutana mbele ya rasi na kupandana.

Programu za utabiri haziwezi kuyaona yote hayo. Modeli za dunia nzima huigawa bahari katika masanduku, yenye upana wa kilomita kadhaa hadi makumi ya kilomita. Sanduku moja linaweza kumeza rasi, ghuba mbili na kisiwa, vyote vikapewa namba moja. Utabiri huo ni sahihi kwa maji ya nje. Kutoka hapo hadi ufukweni, anayejua ni mtu aliyesimama pale na macho yake.

Upepo na maji

Kuhusu upepo maneno machache yanatosha. Upepo wa bara, unaotoka nchi kavu kwenda baharini, hulikabili wimbi uso kwa uso, ukalichelewesha kuvunjika na kulainisha uso wake. Upepo wa bahari hulisukuma kwa nyuma, likaanguka mapema, na uso ukajaa viwimbi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa nzito ya nchi ikaelekea baharini. Jua likishapanda mambo hugeuka. Kwa hiyo ripoti za thamani nyingi huandikwa alfajiri, na ile ya saa nne asubuhi huanza na "upepo umegeuka". Upepo wa bara ukizidi nguvu huwa hatari kwa aliyepoteza ubao wake, kwani humsukuma nje. Neno "mwepesi" katika ujumbe ule lina uzito wake.

Maji kupwa na kujaa yanataka subira zaidi. Wimbi huvunjika kina kikikaribia mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo wimbi la mita 1.5 linataka kina cha mita mbili hivi. Sasa angalia jinsi kina kinavyobadilika. Mahali penye kujaa mara mbili kwa siku, kutoka maji kujaa hadi kupwa huchukua zaidi kidogo ya saa sita, na mabaharia huugawa mwendo huo katika sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza hushuka sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kama tofauti yote ni mita tatu, saa ya tatu peke yake huondoa sentimita 75, na ya nne sentimita 75 nyingine.

Mwandishi wetu alisema "yanakupwa, yamefika nusu". Yuko katikati kabisa ya saa hizo za kasi. Fungu la mchanga ambalo sasa linavunja mawimbi vizuri, baada ya saa moja litakuwa na maji pungufu kwa sentimita 75: mawimbi yataanguka yote kwa mkupuo mmoja, au mwamba utachungulia. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, mabadiliko hayo huwa makali zaidi. Wakati wa maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, nafasi ya kuteleza hurefuka. Anayeandika "maji ya kati" bila kusema yanajaa au yanakupwa ametoa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo iliyohitajika.

Saa, mahali, na hatari

Ujumbe ule ulianza na saa, na ningetamani kila ripoti ianze hivyo. "Sasa hivi pazuri sana" ikisomwa baada ya saa tatu ni habari ya jana. Maboya mengi nayo hutoa muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, si wa hapo ulipo. Kama boya liko kilomita 210 nje na mawimbi ni ya sekunde 15, kundi linakuja kwa kilomita 42 kwa saa, hivyo linalosomwa boyani sasa litafika baada ya saa tano, iwapo boya liko kwenye njia ya mawimbi.

Kutaja mahali ni jambo lenye ugomvi wa siku nyingi. Mwaka 1985 huko California ilianzishwa namba ya simu ya kulipia, 976-SURF, iliyomwezesha yeyote kupiga na kusikia hali ya mawimbi. Wapo waliofurahi, na wapo waliochukia kwa sababu fukwe walizozijua peke yao zilijaa wageni. Nawaelewa. Wimbi moja hubeba mtu mmoja, na lenye watu hamsini wanaolisubiri hubadilisha tabia za wote. Desturi iliyozuka kwa wengi ni kutaja eneo kubwa na hali yake, bila kulitaja fungu lenyewe. Hiyo naiona ni haki. Kusema uongo, kwamba bahari imelala ilhali ina mawimbi makubwa, ni jambo jingine, kwa sababu anayeamini anaweza kuingia majini na mwanafunzi wake wa siku ya kwanza.

Na hatari haina siri. Mkondo wa kurudi ukionekana, uandikwe wazi. Mawimbi husukuma maji ufukweni, na maji hayo hutafuta njia ya kutoka. Hupita penye kina, mahali ambapo rangi ni nzito, povu linaelekea nje, na mawimbi hayavunjiki. Kwa macho ya mgeni hapo ndipo palipotulia, na ndipo anapowaingiza watoto. Mtelezaji huutumia mkondo huo kama barabara ya kutokea, kwa hiyo anaujua kuliko yeyote aliye ufukweni. Akikaa kimya amenyima habari iliyo bora kuliko ya mawimbi. Aliyekamatwa asipambane nao: aelee, apunge mkono kuomba msaada, au aogelee sambamba na ufukwe mpaka autoke. Mvua kubwa nayo itajwe, maana hubeba uchafu wa mitaro hadi baharini. Mamlaka za afya za California hushauri watu wasiingie majini kwa saa 72 baada yake.

Jioni yule wa alfajiri huandika tena, na ujumbe huu wa pili haupati wasomaji wengi. Anaeleza ilivyokuwa: upepo uligeuka saa ngapi, fungu lilikufa maji yalipofika wapi. Kisha anafungua daftari lake. Boya ni lile lile na ufukwe ni ule ule kwa miaka, kwa hiyo kila mstari unafundisha namna pwani hii inavyozitafsiri namba za bahari kuu. Mistari miwili ya mwezi mmoja, mwelekeo ukiwa umeandikwa kwa nyuzi za dira:

"Boya mita 1.8, sekunde 13, nyuzi 215, maji nusu yakipwa, upepo wa bara. Kifuani, safi, saa mbili nzima."

"Boya mita 1.8, sekunde 13, nyuzi 240, mengine yote vile vile. Magotini. Rasi imeyaziba."